Mapigo Tisa ya Rashidi

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwaka wa pili baada ya Uhuru, nilipoinua mkono kulikubali jambo ambalo nilijua si la haki. Laiti mkono ule ningeuacha mapajani, mwanangu, nisingekuwa na haya ya kukusimulia.

Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali pale Matuga, nimetoka sekondari na kiburi changu. Huko Diani palikuwa na uwanja mdogo wa gofu, mashimo tisa, ambao Wazungu walikuwa wamejitengea wenyewe. Uhuru ulipokuja wakatupokea Waafrika wachache, na mimi wakanitia hata kwenye kamati ya watu watatu iliyopanga handikapu. Kama hujawahi kucheza, handikapu ni idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji kwenye jumla yake ya mwisho, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Asiye hodari hupunguziwa mengi, hodari hupunguziwa machache, ili waweze kushindana sawasawa. Ni mpango mzuri, lakini unahitaji wanaopima wapime kwa kweli.

Rafiki yangu Rashidi, mwashi wa Msambweni, alikuwa ametumia ujana wake kubeba mifuko ya fimbo za Wazungu uwanjani hapo. Sasa aliomba kucheza. Kanuni ilimtaka alete kadi za michezo mitatu, zilizotiwa sahihi na mtu aliyecheza naye. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilihesabu kila pigo lake, pamoja na yale ya mchangani yaliyomfanya ajitukane kwa Kidigo. Kwa kadi zile alistahili kumi na nane.

Kikaoni, mwenyekiti wetu, mzee wa Kizungu mwenye shamba la minazi, alizisoma kadi akaziweka kando. Alisema mtu aliyebeba fimbo hapa miaka yote ile anakijua kila kichaka, na bila shaka anaficha uhodari wake. Apewe tisa. Kisha akanitazama. Sahihi ilikuwa yangu, neno moja lingetosha. Lakini nilikuwa mgeni kwenye meza ile, na niseme ukweli wote: kombe la klabu lilikuwa mwezi uliofuata, nami nilijua Rashidi ndiye wa kunisumbua. Nikainua mkono.

Rashidi alipoambiwa alicheka, akasema kumbe Wazungu wamemwona bingwa. Kombe lenyewe halikumshughulisha sana. Alichokitaka ni ubao wa ukumbini, ambako jina la mshindi liliandikwa kwa rangi, na bado halikuwapo jina la Mwafrika hata mmoja. Baba yake aliufyeka uwanja ule mpaka alipokufa, na hakuwahi kuingia ukumbini. Rashidi alitaka jina la mzee wake, linalofuata lake mwenyewe, lisomwe mle ndani.

Siku ya kombe alinijia na mzaha wake. "Leo nakuchapa, Bwana Karani. Kesho uwaandikie barua wakuhurumie."

Na kweli alinichapa. Tuliuzunguka uwanja mara mbili, akamaliza kwa mapigo tisini, mimi tisini na mawili. Lakini mimi nilipunguziwa kumi na sita, nikabaki na sabini na sita. Yeye alipunguziwa tisa, akabaki na themanini na moja. Kwa kumi na nane yake angekuwa na sabini na mawili, na ubao ungekuwa wake. Kombe likawa langu, wakanipigia makofi.

Alinifuata nilipokuwa nikivua viatu.

"Bakari, kadi zangu ulizitia sahihi wewe. Kikaoni ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Ulinyamaza tu?"

"Niliinua mkono."

Akauchukua mfuko wake. "Mwenyekiti wenu hajaniona nikicheza," akasema. "Wewe umeniona."

Mwanangu, siku moja nawe utakalishwa mahali pa kuwapimia wenzako, ikiwa ni kazini, ikiwa ni kwenye baraza la mtaa. Ulichokiona kwa macho yako kiseme, hata kama sauti inatetemeka. Na ukijua kwamba kipimo cha mwenzako kitakufaidi wewe, ondoka mezani, uwaachie wengine wapime. Usijidanganye, kama nilivyojidanganya mimi, kwamba aliyetoa wazo ndiye mwenye kosa peke yake. Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na akukinge na majuto ya uzeeni.

Rashidi hakucheza tena. Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kahawa, akaniuliza habari za kazi, basi. Tuliishi hivyo, tukiamkiana njiani, mpaka alipofariki. Siku ya mazishi watoto wake waliniuliza mimi ni nani na nilijuana vipi na baba yao. Nilimpoteza rafiki wa kweli, wa pekee niliyewahi kuwa naye, na sikupata mwingine.