Dunia Iliyobaki Muyinga

Dada yangu Farida ni mshonaji wa Magarama, mjini Gitega. Anashonea barazani, cherehani yake ikitazama njia, na kila apitaye humwona ameinama hapo kuanzia saa mbili asubuhi. Sare za shule, madira, mapazia ya wenye nyumba mpya kule Musinzira, suruali zilizochanika magotini: vyote hupita mikononi mwake. Ana miaka thelathini na minne, hana mtoto, na mwaka huu amefiwa na mumewe. Ukiwauliza majirani habari zake, watakueleza hayo na kunyamaza. Mimi naandika kwa sababu hayo hayatoshi, na kwa sababu sehemu ya yaliyompata ilitoka kinywani mwangu.

Mumewe, Houssein, alikuwa fundi wa kompyuta. Gitega mafundi walikuwa wengi kuliko kompyuta zenyewe, kwa hiyo miaka miwili iliyopita alihamia Muyinga alikozaliwa, akapanga kibanda karibu na kaka yake mkubwa, Rachid. Farida alibaki na wateja wake. Houssein alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na mafuta ya gari yakipatikana, mara mbili. Ndoa za namna hiyo huishi kwenye simu. Yao iliishi kwenye mchezo.

Houssein alifufua kompyuta kuukuu, akampa mkewe, ndani yake akiwa ameweka mchezo alioupenda. Unaamka ufukweni, katika nchi usiyoijua, huna hata kisu. Unaokota mawe, unakata miti, unaunda shoka, kisha meza ya kazi, kisha kibanda. Usipofanya haraka, baridi na njaa vinakumaliza. Nchi yenyewe ni pana na iko wazi, unakwenda utakako. Imejaa viumbe, wengine wa mabawa, wengine wa sufu, wengine wanaotema moto. Unawavizia, unawachosha, unawatega. Ukishampata mmoja anakuwa wako na anafanya kazi: huyu anawasha tanuru, yule anamwagilia shamba, mwingine anabeba mbao. Watu wawili walio mbali wanaweza kuishi humo pamoja, wakionana na kusikia sauti zao.

Mwanzoni Farida alimcheka mumewe. Anashona kutwa nzima, kisha anaingia mchezoni na kuambiwa kwamba bila kushona blanketi hatalala. Lakini Houssein alimtegea kiumbe mmoja mnene wa sufu, aliyependa kukaa katikati ya njia na kukataa kusogea, na Farida akampa jina la Mama Giheta, kwa kuwa alimkumbusha wauza viazi wa soko la Giheta, ambao hata gari likija hawahamishi kikapu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya alasiri, alifunika cherehani na kuvaa vidude vya kusikilizia masikioni. Nilikuwa nikikaa karibu naye na kumsikia akilalamika kwamba Houssein ameacha mlango wazi tena, wanyama wanakula viazi. Kwa maelezo ya Farida, Houssein alijibu kwamba wenye tabia hiyo ni wanyama wa mkewe, wake yeye wana adabu.

Majirani walisema mwanamke mzima anacheza michezo ya watoto. Hili linaniudhi mpaka leo. Wanaume wa mtaa huohuo hutumia Jumapili nzima mbele ya televisheni wakizomea timu za Ulaya zisizowajua, na hakuna anayewauliza wana miaka mingapi. Watu wawili waliotenganishwa na riziki wamepata mahali pa kukutana na kujenga kitu pamoja, ndiyo iwe aibu?

Jambo moja ni lazima lieleweke. Dunia ile ilitunzwa ndani ya kompyuta ya Houssein kule Muyinga. Farida aliingia kama mgeni. Kompyuta ya Houssein ikizimwa, Farida hana pa kuingilia.

Jumapili yao ya mwisho, Houssein alimwambia mkewe asivuke mto. Alikuwa akijenga kitu ng'ambo, na akikimaliza atamwita. Farida alisema sawa. Angeweza kuchungulia, daraja lilikuwepo, lakini hakuchungulia. Jumatano Houssein alishikwa na homa. Ijumaa alfajiri alifariki, na alasiri ya siku hiyo akazikwa Muyinga, mkewe akiwa bado njiani.

Baada ya matanga Farida alirudishwa Gitega kukaa eda katika nyumba ya mumewe, miezi minne na siku kumi. Hakutoka nje, hakujipamba, na mwanaume asiye ndugu yake wa damu alizungumza naye nyuma ya pazia. Nilitaka kumsikia akilalamika, maana mimi nilikuwa tayari kulalamika naye. Alinijibu kwamba eda ndiyo mara ya kwanza watu kumwacha ahuzunike bila kumuuliza suruali zao zimefikia wapi.

Wiki ya tatu aliniita ndani. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani. Jina la dunia yao lilionekana kwenye orodha, lakini kwa rangi ya kijivu, na kila alipolibonyeza halikufunguka.

"Sitaki kucheza, mdogo wangu," alisema. "Nataka kuvuka mto tu. Nione alichokuwa ananijengea, basi. Wewe unaweza kwenda Muyinga, mimi siwezi."

Habari zilikuwa zimetufikia kwamba Rachid amekwisha kugawa nguo za marehemu, na kwamba Ijumaa ataitoa kompyuta ya Houssein kwa madrasa, iwe sadaka ya nduguye. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilikwenda kituoni, hakuna gari lenye mafuta. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano, kwa kuogopa kuchelewa, nilimpigia Rachid simu. Hapo ndipo nilipokosea.

Nimesoma chuo, na nilitoka huko na imani kwamba jambo likielezwa vizuri hakuna atakayelikataa. Nilimwomba asiitoe kompyuta mpaka nifike, kisha nikaeleza. Nilimsimulia habari za nchi ile, za kibanda cha kwanza, za viumbe waliokamatwa mmoja mmoja, jinsi kila mmoja alivyo na kazi yake. Rachid ni muuza mikeka sokoni, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliyemwosha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Hao viumbe, sasa hivi iko wanafanya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa: hakuna. Kompyuta imezimwa, wamesimama kama picha ukutani. Lakini nilitaka aone kwamba tunazungumzia kitu hai, chenye thamani.

"Wanaendelea na kazi, kaka Rachid. Yote aliyowafundisha wanaendelea nayo, hata baada yake."

"Bon. Nimeelewa, bwana mdogo. Asante kwa kuniambia."

Nilikata simu nikijiona mwanadiplomasia. Nikamwambia Farida mambo yamekwisha.

Kila mtoto aliyepita madrasa zetu amefundishwa kwamba mtu akifa matendo yake yanakatika, isipokuwa machache yanayoendelea kuandikwa akiwa kaburini. Jema lililobaki nyuma linampunguzia mzigo. Na ovu lililobaki? Ndiyo maana kwetu simu ya marehemu husafishwa nyimbo kabla hata nguo zake hazijakunjwa. Nilijua. Baba yetu alipofariki, ni mimi niliyefuta nyimbo kwenye simu yake, huku nikilia. Lakini siku ile ya Jumatano sikuyasikia maneno yangu kama alivyoyasikia mtu aliyefiwa: kwamba viumbe wale bado wanamwandikia Houssein dhambi.

Alhamisi nilipata nafasi kwenye gari lililopita Karuzi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Muyinga. Rachid alinipokea kwa furaha halisi, akaagiza chai. Kompyuta ilikuwa juu ya mkeka, waya wake umekunjwa vizuri.

"Tumemaliza," alisema. "Mi mwenyewe nimefuta. Yule wa simu pale sokoni alinionyesha tu pa kubonyeza. Tumempunguzia Houssein mzigo, alhamdulillahi."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mfiwa nyumbani kwake. Nilisema amemzika ndugu yake mara ya pili. Nilisema mwanamke amefungiwa miezi minne kwa ajili ya dini, na dini hiyohiyo imemnyang'anya kitu pekee alichokiomba. Rachid hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini.

"Si ni we uliniambia wanaendelea?"

Nilichukua kompyuta na kwenda kwa fundi aliyekuwa jirani wa kibanda cha Houssein, nikiwa na tumaini kwamba kilichofutwa huweza kurudishwa. Fundi alihangaika nayo mpaka alasiri. Baada ya kufuta, Rachid alikuwa ameijaza visomo vya Kurani kwa ajili ya madrasa, na visomo hivyo vilikuwa vimeandikwa palepale dunia ile ilipokuwa. Hata kipande hakikupatikana.

Kesho yake kompyuta haikwenda madrasa. Rachid aliifunga ndani ya kitambaa, akapanda nami gari la ndizi, njia nzima ameipakata mapajani. Tulifika Magarama mchana. Nilitangulia kuingia na kumweleza Farida yote, pamoja na maneno yangu ya kwenye simu. Nilitaka anitukane. Alichosema ni kwamba mgeni apewe maji, na mimi nikae.

Rachid alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Kati yao kulikuwa na pazia.

"Shemeji," alianza, "mi nilimuogopea ndugu yangu. Sikujua ni kitu yako pia."

"Najua ulimuogopea," Farida alisema. "Kabla ya kufuta, uliufungua mchezo?"

"Nilifungua. Kidogo."

"Mtu wake wa mchezoni alikuwa wapi?"

Rachid alinitazama, kama anayeuliza ruhusa. Kisha akaanza kueleza kwa shida, vidole vyake vikichora juu ya goti. Mtu wa Houssein alikuwa amesimama ndani ya nyumba. Nje kulikuwa na maji na daraja. Nyumba kubwa, ukuta wa mawe, upande mmoja wote madirisha.

"Paa je?"

"Paa hakuna. Mvua ilikuwa inaingia."

"Ndani?"

"Meza. Sita, za kushonea, zimepangwa msitari. Na mlangoni kibao." Akalitazama pazia. "Iko na jina lako, shemeji. Farida. Na chini yake: wanafunzi karibu."

Sikuwahi kumsikia dada yangu akisema anataka kufundisha. Houssein alikuwa amemsikia.

"Nilipoona jina lako kati ya wale viumbe," Rachid alisema, "ndiyo niliogopa zaidi. Nikafuta haraka."

Nilidhani Farida atamfukuza. Badala yake sauti ya Farida ilikuja karibu zaidi, kama aliyesogeza mkeka. Alimuuliza madirisha yalitazama mtoni au msituni. Mtoni, Rachid alisema. Meza zilikuwa za mbao nyeupe au nyeusi? Nyeusi. Mama Giheta alikuwepo, yule mnene wa sufu? Alikuwepo, mlangoni, amelala. Kulikuwa na mahali pa kupigia pasi? Kulikuwa. Na ubao wa kuandikia wanafunzi? Na huo pia.

Rachid alijibu kila swali, jasho likimtoka, na kuanzia kwa Mama Giheta kila jibu lilikuwa ndiyo. Ilipofika zamu ya zulia, na maua ya dirishani, sikuweza tena kujua kama anakumbuka au anabuni ili amfurahishe. Nadhani Farida alijua kabla yangu, kwa sababu hapo ndipo alipoacha kuuliza.