Matundu Matano kwenye Banda la Komeo

Mjomba wangu ni fundi wa makufuli, na mtaa mzima unamwita Komeo. Nyumbani kwake hakilali kitu bila kufungwa. Hata kopo la sukari lina kufuli. Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, sukari nayo hutoroka?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye tupa yake, "Sukari haitoroki. Wapwa ndio wana mikono mirefu." Mpwa mwenyewe ni mimi. Nakaa chumba cha nyuma uani kwake, na kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali.

Tangu mkewe afariki, mzee yule alikuwa haongei ila habari za vitasa na funguo. Ndipo alipoitwa kwenda kubadilisha kitasa kwa mteja mmoja, akakuta mayai matano ya bata bukini yanataka kutupwa. Mama yao alikuwa amekanyagwa na gari asubuhi hiyo hiyo. Mjomba akatoa nyundo na bisibisi zote kwenye sanduku la kazi, akalaza mayai humo juu ya matambara, na vyombo vyake akaja navyo kwapani. Nilipomwona hivyo nilidhani ameibiwa sanduku.

Aliyaweka kwenye boksi chini ya kitanda chake, akaning'iniza balbu juu yake, akachora alama ya penseli upande mmoja wa kila yai ili asisahau kuyageuza. Asubuhi, mchana na jioni, mzee mzima yuko chini ya kitanda. Siku ya thelathini walitotolewa wanne. Yai la tano lilishindwa, akalibandua mwenyewe kwa ukucha, kidogo kidogo, nusu siku nzima. Aliyetoka humo alimwita Kitindamimba.

Basi vifaranga wale wakajua kwamba mama yao ni mzee mwenye upara anayekohoa. Akikohoa, wanaitika. Akienda chooni, wanamfuata kwa mstari na kumngoja mlangoni. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Lakini bata bukini akikua si mchezo, na kile chumba kilianza kunuka mpaka kwangu. Nikamwambia, "Mjomba, chagua. Ama wao, ama mimi." Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akajenga banda.

Na banda lilikuwa banda! Mbao nene pande tatu, bati juu, sakafu imeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, maranda makavu ya kulalia, mlango wenye makufuli matatu. Upande wa nne, mkono mmoja tu kutoka dirisha la chumba chake, aliweka wavu wa chuma. "Mtoto asiyemwona mzazi wake halali vizuri," alisema. Funguo za makufuli hayo alizivaa shingoni kwa kamba. Hakuwa akimpa mtu yeyote, hata mimi.

Jirani yetu, ambaye mlango wake unafungukia ua huo huo, ni dereva wa malori aliyestaafu. Twamwita Dereva. Dume kubwa la mabata, ambalo Mjomba alilipa jina la Askari, lilimchukia tangu siku ya kwanza, na wenzake wakaiga. Akipita na ndoo, linamdonoa matakoni. Siku moja Dereva alipiga kelele mbele ya watu, "Huyu ipo siku nitamnyonga kwa mikono hii!" Tukacheka sote. Kumbe maneno huumba.

Asubuhi hiyo nilirudi kutoka zamu jua likichomoza. Kwa kawaida Askari hunipokea kwa makelele tangu getini. Siku hiyo, kimya. Nikasema labda leo ameamka na adabu. Nikazunguka kwenye banda, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango kumsalimu.

Askari alikuwa amelala kando ya wavu, hana kichwa. Pembeni yake dada yake, naye hana kichwa. Watatu waliobaki walikuwa wamejibana kwenye kona ya mbali, hawatoi hata sauti. Na makufuli yote matatu yamefungwa! Nimefua mashuka ya wodi ya upasuaji miaka tisa, damu naijua, lakini si ya hawa. Nilifungua mdomo mara mbili kabla yowe halijatoka.

Mjomba alikuja mbio na kiatu kimoja. Akashika kufuli la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna hata mkwaruzo. Akafungua, akaingia, akampakata Askari.

"Kichwa chake kiko wapi?" aliniuliza, kama mtoto aliyepotelewa. "Mpwa wangu, kichwa chake kiko wapi?"

Hapo Dereva akatokea na mswaki mdomoni, kuona yowe lilikuwa la nini. Mjomba alimtazama, akamweka Askari chini taratibu, akatoka, akaokota nyundo iliyoachwa kando ya banda.

"Ni wewe!"

"Mimi?" Mswaki ulimwanguka. "Komeo, mimi?"

"Ulisema utamnyonga! Watu wote walisikia! Muuaji wewe!"

"Nilisema, ndiyo, mdomo wangu huu. Lakini nimefunguaje? Si wewe unayejisifu kila siku kwamba makufuli yako hayafunguki?"

Watu walikuwa wameanza kujaa getini. Nilimshika Mjomba kiuno, na mzee huyo mwembamba alinikokota kama gunia tupu. Ndipo nikaona kitu ambacho macho ya mfua mashuka hayawezi kukosa. Ndani ya banda damu ilikuwa matone tu. Nje, chini ya wavu, udongo ulikuwa umelowa.

"Mjomba, ngoja! Damu iko nje. Hawakuuliwa ndani."

Dereva alikuja akachutama nami. Kwenye wavu kulikuwa na manyoya machache, meusi kwa meupe. Akayanusa, akakunja uso. "Kicheche, yule mwizi wa kuku anayenuka," alisema. "Huyu hakuingia. Alisimama hapa nje akingoja. Kinachochomoza, anakikata."

"Kichomoze wapi?" Mjomba alifoka. "Wavu wangu huo haupitishi hata..."

Akagusa wavu kwa kidole. Nami nikaona. Sikuwahi kupita uchochoro ule kati ya banda na dirisha lake, kwa hiyo sikujua. Kwenye wavu kulikuwa na matundu matano kwa mstari, kila moja upana wa ngumi, na kingo zake zimepigwa tupa hadi zikawa laini kama pete. Kazi safi ya fundi.

"Ni mimi," alisema Mjomba. Nyundo ikamtoka. "Walikuwa wanalia jioni, wanasukuma wavu, wanajiumiza midomo. Nikamkatia kila mmoja lake. Wakitoa shingo, nawashika vichwa kupitia dirishani mpaka wasinzie."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Alfajiri nilimsikia Askari akiita. Nikakohoa, kumjibu. Halafu nikamsikia wa pili akiitika, kisha kimya, nikadhani wamelala."

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Wa pili alitoa shingo kwa sababu ya kile kikohozi. Mjomba alimwita kwenye meno ya kicheche bila kujua, naye akaja, maana hakuna siku aliyoitwa asije.

Mjomba alikaa chini palepale kwenye udongo. Akamwambia Dereva, "Nimekuita muuaji mbele ya watu."

"Umeniita," alijibu Dereva. Povu la dawa ya meno lilikuwa limemkaukia kidevuni.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Simama kwanza. Tuwazike hawa."

Tuliwazika nyuma ya choo. Kisha wazee wale wawili wakafanya kazi kutwa nzima. Upande wa dirisha waliuziba wote kwa mbao. Upande wa pili, unaotazama mlango wa Dereva, wakafungua sehemu ya kupitisha hewa, wakaweka nyavu mbili za matundu madogo, moja ndani na moja nje, shubiri moja katikati. Hata kidole hakipiti. Mjomba alijaribu vidole vyote kumi.

Jua lilipokuwa linazama, mabata waliingizwa. Kitindamimba alikwenda moja kwa moja kwenye mbao, akagusisha mdomo pale palipokuwa na tundu lake. Akaanza kuita. Mjomba alisimama katikati ya ua, kikohozi kimemjaa, akikizuia kisitoke.

Ndipo alipovua kamba ya funguo shingoni na kumpa Dereva. Niliduwaa. Dereva akaduwaa zaidi.

"Mimi? Komeo, hawa si wananichukia?"

"Ndiyo maana," alisema Mjomba. "Ukiwafungia na kuwafungulia wewe, hakuna atakayetoa shingo."

Akaingia chumbani, akafunga dirisha, akashusha pazia. Nilimsikia akikohoa ndani ya mto, sauti haikufika hata mlangoni kwangu vizuri. Kitindamimba aliisikia. Akaitika, akangoja, akaitika tena.

Mjomba hakujibu.