Maji Yaliyomfikia Mzee Mbwana

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi umalize, mimi nitasubiri. Nimeshachekwa na watu waliokuzidi elimu. Mwalimu wangu wa Kizungu alinicheka, wenzangu chuoni walinicheka mpaka wakashika mbavu, na shemeji yangu hunicheka hadi leo kila tukikutana harusini. Haya ninayokusimulia yalitokea Kilwa Masoko, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba. Sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia. Jua lilikuwa kali, ndiyo, lakini nimezaliwa chini ya jua hilo hilo. Haliwezi kunionyesha watu wasiokuwepo.

Wakati huo Mwingereza bado anatutawala. Mimi nilikuwa chuoni Nairobi, nasomea uhandisi wa maji: maji ya kunywa, namna ya kuyasafisha, na maji machafu, namna ya kuyaondoa. Niliporudi likizo, watu walikuwa na hamu ya kujua nimekuwa nani. Daktari? Wakili? Nikawaeleza. Baba mdogo akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Yaani umevuka mpaka kwenda kusomea vyoo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Choo, nami nikajifanya sijali.

Nilikuwa nimerudi na jambo moyoni. Mwaka uliotangulia, dada yangu Mwanahawa alimzika binti yake, Hadija, mtoto wa miaka minne. Kuhara kulianza Ijumaa, Jumapili hayupo. Na hakuwa peke yake pale mtaani. Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mimi kazi ya Mungu siipingi. Lakini nilikuwa nimeshasoma ya kutosha kujua kwamba kuhara kwa namna ile kuna njia yake, na mara nyingi njia yenyewe ni ndoo.

Mtaa mzima tulikunywa kisima kimoja. Kilikuwa kando ya msikiti mdogo, na kilichimbwa na Mzee Mbwana, aliyefariki mimi nikiwa natambaa. Alikitoa wakfu, iwe sadaka jaria, ile ambayo mtu akishakufa thawabu zake huendelea kumfikia kaburini kila kiumbe anapokunywa. Mwanawe, Bwana Salehe, alikuwa mfanyabiashara wa kutajika. Serikali ilipoanza kujenga ofisi zake Masoko, naye akajenga nyumba ya mawe, na humo akachimba choo cha shimo, hatua chache tu kutoka kisimani. Na chini ya mchanga wetu kuna nini? Mwamba wa matumbawe, umejaa nyufa. Unaona ninakoelekea?

Chuoni tulikuwa tumeagizwa kila mmoja achague kisima cha kwao, akichunguze, aandike ripoti. Tulipewa kichupa cha unga mwekundu. Unga ule ukiingia majini hugeuka kijani cha kung'aa, na haumdhuru mtu. Unaumwaga chooni, unakwenda kungoja kisimani. Maji yakija kijani, basi choo na kisima vinakula sahani moja.

Jumatatu nilikwenda kumwamkia Bwana Salehe. Nilimpa shikamoo yake, nikanywa kahawa yake, nikala halua yake, kisha nikaomba kwenda msalani. Nilimimina kichupa chote shimoni, na ndoo mbili za maji juu yake. Ulikuwa uhuni, nakiri. Ningemwomba ruhusa angenitoa kwa bakora.

Kuanzia hapo nikaweka kambi kisimani. Kila saa nateka, natia kwenye chupa, nainyanyua juani, naangalia. Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, watu walikwenda kujinyoosha majumbani. Wanawake hawateki saa zile. Nikabaki peke yangu na kasha langu la chupa, nimeanza kukata tamaa.

Nilipoinua kichwa, kulikuwa na mzee amekaa kwenye jiwe la kusugulia miguu. Kanzu yake ilikuwa imefifia, na miguuni hakuvaa kitu. Sikumsikia akija.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. "Wewe," alisema kwa ukali, "umetia nini?"

"Nimetia wapi, mzee?"

"Leo yamenijia kijani."

Niamini, nilichosikia kwanza kilikuwa furaha! Nilidhani ni mmoja wa watekaji, na kwamba kazi yangu imejibu. Nikateka haraka, nikainua chupa juani. Maji meupe, hayana hata chembe ya rangi. Nikamwonyesha. Mzee akakohoa, akatema mate juu ya jiwe. Wallahi, mate yalikuwa ya kijani, kijani kile kile cha kichupa changu, yanang'aa juani.

Nikamwuliza maji hayo ameyateka wapi.

"Mimi siteki. Huletewa. Kila anayekunywa hapa, nami huletewa funda langu."

Hapo nikajua ninaongea na Mzee Mbwana mwenyewe, marehemu. Najua utasema wewe ungekimbia. Hata mimi ningekimbia, ila miguu ilikataa.

"Miaka yote yalinijia matamu," aliendelea. "Tangu Salehe ajenge, yanakuja na harufu."

Sasa sikia ujinga wangu. Badala ya kuomba dua, nilikasirika. Nilimkumbuka Hadija na damu ikanichemka. "Basi kamwambie mwenyewe," nikamjibu. "Si mwanao?"

"Nimemwendea mara tatu. Ananisomea Ayatul Kursi kama mimi pepo." Aliposema hivyo, hasira yangu ikapoa kidogo. Mtu gani anapenda kufukuzwa na mwanawe?

Kisha akanyoosha kidole kuelekea nyumba ya Salehe, akanionyesha mahali, hatua tatu hivi kutoka kisimani. "Hapo chini kuna ufa. Mimi na fundi wangu tuliukuta tulipochimba, tukauziba kwa chokaa na kokoto. Shimo la Salehe limeuzibua. Funga kisima."

"Mimi ni nani hata nifunge wakfu wako? Watanipiga."

Aliposema tena, ukali ulikuwa umemtoka. "Yule mtoto wa dada yako alikuwa akinywea kifuu, kimetobolewa pembeni, kimetiwa uzi. Funda lake nalo lilinijia. Nilijua ni baya kabla hajalimeza. Nilinyoosha mkono. Haukufika."

Kifuu kile cha nazi Mwanahawa alimchongea Hadija mwenyewe, na tangu msiba kilikuwa kimefungwa ndani ya kanga, sandukuni. Nani mwingine alikijua? Maji yakanimwagikia, nikainama kuziba chupa. Nilipoinuka, jiwe lilikuwa tupu, na mchangani kulikuwa na nyayo zangu tu. Mate yalikuwepo bado. Nikaenda nikaweka kokoto pale aliponionyesha, kisha nikaenda nyumbani nikamweleza dada yangu kila kitu. Mwanahawa hakulia.

Alhamisi jua lilipochomoza, wanawake walipiga kelele kisimani. Maji yalikuwa kijani. Wanaume wakatoka, na Maalim wa msikiti akachungulia, akatikisa kichwa. Maji yakibadilika rangi kiasi kile hayafai udhu, hilo kila aliyepita chuoni kwa Maalim analijua. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi, na nikaeleza jinsi nilivyofanya.

Bwana Salehe alifika anapiga kelele toka mbali. "Ametia sumu kisima cha baba yangu! Chooni kwangu hakutia kitu, mwongo huyu! Amemimina humu humu kisimani, apate kunipaka matope!"

Na hapo, bwana, elimu yangu ilinitupa mkono. Ningethibitisha vipi? Aliyeniona nikimimina chooni ni nani? Mtu mmoja alishanikamata ukosi wa shati. Nilielewa wazi kitakachofuata: watayachota yale ya kijani, watayamwaga, na kesho watoto watakunywa tena kama kawaida. Kupigwa hakukuniuma kama hilo.

Nikapiga moyo konde. "Kuna ufa pale penye kokoto," nikasema. "Uliwahi kuzibwa kwa chokaa. Chimbeni muone."

"Nani kakwambia?" Salehe aliuliza.

"Baba yako. Jana, baada ya adhuhuri. Alikaa kwenye jiwe lile."

Kicheko kikalipuka. Salehe hakucheka. Alikuwa anakuja kunizaba kibao, na angenizaba, kama watu wasingepisha njia ghafla. Mwanahawa alikuwa anapita katikati yao na jembe begani.

"Binti yangu," Maalim alimwambia kwa upole, "hapa ni mahali pa wanaume."

"Mwanangu alipokunywa, Maalim, hapakuwa pa wanaume." Akaisogeza kokoto kwa mguu, akaanza kuchimba.

"Ukigusa kiwanja changu naita polisi!"

"Waite. Waje na majembe."

Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyethubutu kumshika. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini, jasho linamtiririka, mtandio umemwanguka mabegani. Kisha jembe likagonga kitu. Chokaa. Nyeupe, ya kale, imepasuka katikati, na kwenye ule mpasuko yanapita maji ya kijani. Harufu iliyopanda iliwarudisha wanaume nyuma, mikono ya kanzu puani. Aliyenikamata shati akaniachia bila kuambiwa.

Sasa hapo elimu yangu ikarudi. "Maji ya kisima yako pima tatu chini," niliwaambia. "Haya yako hapa juu, chini ya magoti ya dada yangu. Kama niliyatia kisimani, yamepandaje?"

Bwana Salehe alinisogelea karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia. "Alisema nini juu yangu?"

"Alisema umemsomea Ayatul Kursi mara tatu."

Akakaa mchangani, na kanzu yake nyeupe ya kutokea. Baadaye mkewe alimwambia mama yangu kwamba hilo la kumsomea baba yake Salehe hakuwahi kumwambia mtu, hata yeye mkewe, mpaka siku ile. Wiki ile ile alikifukia choo na kuchimba kingine mbali, upande wa mteremko, na kisima kikafungwa, kikakombwa, kikatiwa dawa. Salamu yangu hakuiitikia tena mpaka alipofariki. Haidhuru. Mimi nilitaka choo kihamishwe, salamu si hoja.

Unadhani yameishia hapo? Fomu ya ripoti ilikuwa na mahali pa kujaza taarifa umezipata kwa nani. Penye habari ya ufa niliandika: Marehemu Mzee Mbwana, mwenye kisima, kwa mdomo wake. Mwalimu akapiga mstari mwekundu. Akaniambia niandike "wenyeji". Nikamjibu kuwa wenyeji walio hai hawakuujua ufa ule, na kuandika hivyo ni uongo, na yeye ndiye aliyetufundisha tusiandike uongo kwenye ripoti. Akanipa kuchagua: nibadilishe, au nirudie mwaka.

Nilirudia mwaka. Waliniita mpumbavu, na Bwana Choo likapata mwenzake. Mwaka uliofuata nilichunguza kisima ambacho mwenyewe alikuwa hai. Ile karatasi yenye mstari mwekundu ninayo mpaka leo, na ukiniletea kalamu nyingine sasa hivi sibadilishi hata herufi.

Kisima kilipofunguliwa, wa kwanza kunywa alikuwa Mwanahawa, kwa kifuu cha Hadija. Alimaliza maji yote, akageuka upande wa lile jiwe, akasema, "Haya, mzee." Basi. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, na mimi nikalia naye. Kila nikipita Masoko huenda pale mchana, nikateka, nikanywa, nikamwuliza Mzee Mbwana leo yamemfikiaje. Hajanijibu hata siku moja. Nachukulia kwamba ni matamu.

Nimechimba visima vingi tangu hapo, kuanzia Mitole hadi Lindi mjini, na sasa wanangu wanataka nichimbe kimoja kwa jina langu. Thawabu naitaka, kwa nini nisiitake? Lakini nimewaambia wangoje kwanza niwatembeze kiwanjani, niwaonyeshe kwa mguu wangu kila kilichozibwa chini. Kwa sababu, nakuapia, nilimhurumia sana yule mzee, lakini siku zote namlaumu. Aliujua ufa. Aliishi na mwanawe miaka yote ile, wakala sinia moja, na hakumwambia. Alingoja mpaka akafa, halafu akaja kuniambia mimi, na Hadija ameshazikwa. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ufa unaoujua chini ya nyumba yako, nenda kawaambie wanao leo, ungali na mdomo wa kuitikia salamu.