Tando Zilizoanikwa Dirishani

Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa jirani yetu Kibokoni, rafiki wa marehemu baba. Ndiye aliyeniingiza katika maabara ya chuo, na mamangu alimshukuru mpaka nikaona haya.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tando. Nilichanganya rangi ya waridi na plastiki iliyoyeyushwa, nikaidondosha juu ya kipande cha kioo kinachozunguka kwa kasi, ikatandaa ikawa nyembamba kuliko unywele. Kisha niliugandamiza utando kwa muhuri wenye mistari midogo mno, isiyoonekana kwa jicho. Ukiupiga kwa mwanga wa kijani, mistari ile iliukusanya mwanga wa rangi ukachomoka mwekundu, kama uzi. Tulitaka leza ndogo ya kuingia ndani ya kifaa cha kupimia tone la damu. Nilihangaika miezi mingi ndipo nikapata tando chache zilizowaka sawasawa. Nilizifungia katika kisanduku cheusi, maana jua huiua rangi ile.

Wakaja wageni wa chuo cha ng'ambo, wakitafuta mwanafunzi wa kwenda kusoma kwao. Asubuhi ya kuwaonyesha kazi yangu nilikuta kisanduku ki wazi na tando zangu zimepangwa dirishani, juani. Hazikuwa na rangi tena. Vioo vitupu.

"Nani ameziweka hapa?"

"Mimi, tangu jana," mwalimu alisema, akifuta miwani. "Niliziona mbichi, nikazianika."

"Mwalimu, si wewe uliyenifunza kwamba jua huziharibu?"

"Ulidhani nitakufunza kisha uende zako?"

Wageni walipoingia, aliwasha mwanga wa kijani mwenyewe, akangoja kwa utulivu. Hakukutoka kitu. Nikasema mbele yao kwamba zilianikwa makusudi, na ni yeye aliyezianika. Mgeni mmoja akatazama saa yake.

"Mtuwie radhi," mwalimu akacheka. "Babake alikufa mapema, hakupata wa kumtia adabu."

Walimchukua mwengine.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama hakutaka kusikia habari za jua wala rangi. "Umemvunjia heshima mtu mzima mbele ya wageni!" Alikaanga sambusa, akanivisha buibui, akanipeleka kuomba msamaha. Mwalimu alikuwa barazani kwake na wazee wenzake. Nikasema, "Niwie radhi, mwalimu." Akachukua sambusa, akaiuma.

"Rudia, binti. Mzee huyu wa kando yangu hasikii vizuri."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, kwa sauti, na mama akanifinya mkono.

Nilibaki chini yake mpaka nikapata shahada, kwa kuwa hapakuwa na maabara nyengine. Tando mpya nilikwenda nazo nyumbani kila jioni, ndani ya mkoba.

Alipofariki, nilikaa matangani na wanawake. Wakamsifu kwa upole wake. Mama alilia sana. Mimi niliutafuta uchungu moyoni, nikakuta nina njaa, nikaomba nipakuliwe pilau.