Kolamu Langoni pa Shule

Yule msichana wa dawati la mwisho husoma kwa kidole. Kidole kikifika mwisho wa mstari, sauti yake bado inahangaika na neno la kwanza. Mwalimu Vasugi huwa hamsubiri. "Tazama mara moja, mbumbumbu, nafuta," humwambia, na dasta inapita ubaoni. Mbumbumbu, eti! Leo asubuhi msichana huyo alichora kolamu ardhini, langoni pa shule: vitone themanini na kimoja vya unga wa mchele, vyote vimezungukwa na mstari mmoja usiokatika, pambo aliloliona hekaluni mara moja tu. Sote tulikusanyika kutazama. Mwalimu akatoa daftari mbiombio.

"Ngoja kwanza, mwanangu, ninakili."

Msichana akachukua ufagio.

"Tazama mara moja, Mwalimu. Nafuta."