Vidonge Kwenye Fundo la Kanga

Mkasa huu nimeuficha kwa muda mrefu kwa aibu, na mkinicheka mna haki, ila mkifika mwisho sidhani kama mtaendelea. Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Mtambile, tena yule mwenye mdomo, nisiyevumilia mtu aseme mbele yangu kwamba tumbo limerogwa.

Tumbo langu lenyewe lilianza kuniunguza mwaka jana, nikapimwa, nikaambiwa kuna bakteria ndani, nikapewa vidonge vya siku kumi na nne na kuonywa nimalize vyote. (Kunionya mimi!) Wiki ileile nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni namna bakteria hao wanavyotoa sumu, na sumu hiyo ikimfikia askari wa mwili, yaani chembe nyeupe ya damu, inamzubaisha, hazaliani tena kupata jeshi, anabaki kumtazama adui tu. Ndiyo maana mwili peke yake hauwawezi, na dawa ukiikatisha njiani wale sugu wanabaki. Nilisema yote hayo kwa sauti kubwa, chaki mkononi.

Siku ya saba tumbo likatulia. Siku hiyohiyo mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, akaja kututembelea, chakula akakionja tu, akasema naye tumbo linamuunguza miezi sasa na akila tonge mbili ameshiba. Hakuomba kitu, lakini mkwe akikaa kwako akakueleza maumivu yake nawe ukanyamaza, utakuwa mtu gani? Niliona haya kumwambia aende hospitali akapange foleni na dawa ninayo kabatini, basi nikampa vidonge vyote vya siku saba zilizobaki, pamoja na maelezo marefu. Akaondoka akiniombea dua, na haikupita wiki mtaa mzima ukajua Bi Mwanaisha ana mkwe daktari (nami sikukanusha, nilitembea kifua mbele).

Miezi miwili baadaye ikawa walima ya shemeji yangu. Nimekaa mkekani na wazee, sinia la pilau katikati, maumivu yamesharudi wiki nzima na nimeyanyamazia, mzee mmoja akaniuliza habari za tumbo, nami badala ya kujibu kwa ufupi nikaanza somo la askari wa mwili, na kabla sijalimaliza nikatapika damu nyeusi ndani ya lile sinia na juu ya kanzu ya shehe aliyekaa kando yangu. Nilibebwa mbele ya akina mama wote, kanzu yangu imelowa, hata bwana harusi akaacha kula.

Hospitali, wakwe wamezunguka kitanda, daktari akaniuliza kama ile dawa ya kwanza niliimaliza. Nikasema niliimaliza. Akauliza tena, nikaapa kwa jina la Mungu, mtu mzima mimi. Hapo Bi Mwanaisha, akidhani ananitetea, akafungua fundo la kanga yake na kutoa karatasi yenye jina langu.

"Dakitari, mwanangu hasemi uongo. Dawa hazikutupwa, alinigaia mie, na nlipopata nafuu nikamwekea hizi, pengine zitamfaa."

Vilikuwa vidonge vitatu. Shemeji zangu wakainamisha macho, nami nikatamani ardhi inimeze. Lakini daktari hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akimtazama yeye, jinsi kanga ilivyomning'inia mabegani, akamuuliza kwa upole amekonda tangu lini.

Walimpima. Kuna uvimbe tumboni, ni saratani, na ni wa zamani. Daktari alisema vidonge vyangu havikuuleta, vilichofanya ni kutuliza ule muunguzo uliokuwa ukimwambia aende hospitali, na miezi ile miwili ndiyo aliyoihitaji. Mimi nilipona kwa dozi mpya, nikaimaliza hadi kidonge cha mwisho, na kila nilipomeza kimoja nilijichukia.

Sasa simpi mtu hata panadol. Somo lile bado nalifundisha, ila nikifika kwenye sumu na askari aliyezubaa naiweka chaki chini, kwa sababu najua nani alimzubaisha Bi Mwanaisha. Jioni nampelekea uji, anakunywa vijiko viwili, na wageni wakija kumjulia hali ananinyooshea kidole kwa fahari na kuwaambia, "Huyu ndiye alonipa dawa."