Kilichokuwa Kikifugwa Chupani

Kwa miaka tisa Ursula aliosha vyombo vya kioo katika maabara moja ya utafiti mjini Ifakara, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemweleza kilichokuwa ndani ya zile chupa bapa zenye maji ya rangi ya waridi. Zilikaa kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, na kila baada ya siku mbili tatu zilibadilishiwa maji. Kila alipomuuliza mtu, mtu huyo alikuwa na haraka.

Asubuhi moja ya Julai aliingia kuchukua vyombo, akamkuta Herieth, mtafiti kijana aliyehamia kutoka Iringa, ameinamia hadubini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi humo chupani mnafuga nini?"

Herieth akacheka. "Kufuga ndiko huko! Ni seli za saratani ya mfupa. Zilitolewa kwenye muundi wa msichana wa miaka kumi na tano, Ulaya, mwaka 1964. Mpaka leo zinazaliana, na sisi tunazijaribia dawa."

Ursula akaweka trei mezani. "Aliitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Alipona?"

"Hilo nalo sijui."

Herieth akampisha kiti. Mwanzoni Ursula aliona ukungu tu, kisha zikatokea: bapa, zenye pembe pembe, zimenata kama majani mabichi chini ya mtumbwi. Moja ilikuwa imejiviringa, inang'aa kama ushanga. "Hiyo inajiandaa kugawanyika," Herieth alisema. Ursula akaenda kuosha vyombo, akarudi baada ya saa moja. Zilikuwa mbili.

"Mbona hazichoki?"

"Seli zetu za kawaida zina nyuzi za urithi, na ncha za nyuzi hizo hupungua kila seli inapogawanyika. Zikipungua sana, seli inaacha kugawanyika. Hizi zina ujanja wa kuziunga upya ncha zake, kwa hiyo haziachi."

Ursula akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, kwao Lupiro, alikuwa akitwanga mpunga na dada yake Devota. Mchi ukamponyoka, ukampiga Devota kwenye muundi. Baada ya wiki chache mguu ukavimba chini ya goti. Hospitalini walisema ni saratani ya mfupa, na kabla ya mwaka kwisha wakamzika. Mama yao hakumlaumu kwa neno hata moja, ila tangu hapo Ursula alitwanga peke yake.

"Pigo linaweza kuleta ugonjwa huu?"

"Hapana, mama. Mara nyingi mtoto anaumia, watu wanautazama mguu, ndipo wanaona uvimbe uliokuwapo tayari."

"Hebu rudia, taratibu."

Herieth akarudia.

Jumamosi Ursula alipanda bodaboda, akavuka daraja la Kilombero mpaka Lupiro. Mama yake alikuwa uani anapeta mchele. Ursula alimsimulia yote: chupa, msichana wa Ulaya, mguu.

"Nilijua hukukusudia," mama alisema.

"Si habari ya kukusudia, Mama. Haukuwa mchi. Devota alikuwa anaumwa tayari."

Ungo ukatulia mapajani. Mama akaufuta mkono wake wenye vumbi la pumba kwenye kanga, akamshika binti yake shingoni kama mtu anayepima homa, akamwacha. Kuku wakaanza kudonoa mchele.

"Hao wadudu wa chupani," mama aliuliza akiwafukuza kuku, "wanakula nini?"

"Si wadudu, ni seli. Nimeambiwa wanazipa sukari, chumvichumvi, na maji ya damu ya ndama."

"Ya ndama! Na Jumapili nani anawalisha?"

Ursula hakujua. Jumatatu alimuuliza Herieth, akaambiwa wanapeana zamu, na kwamba akitaka, Jumapili ijayo baada ya misa aje aone inavyofanyika. Alikwenda, tena alifika kabla ya mwenye zamu.